Pigo la Ubavuni: Kumtambua Fundi kwa Boljointi Iliyogoma

Ukitaka kumjua fundi wa chini ya gari, usimtazame akifunga kipuri kipya. Kipya kimepakwa rangi, kinang'aa, kinaingia chenyewe. Mtazame siku boljointi imegoma: gari liko juu, nati imeshalegea, na shina bado limeng'ang'ania tundu lake kana kwamba limechomelewa. Dakika kumi za hapo zinatosha. Nimezishuhudia kwa miaka mingi, Gerezani na kwenye gereji za chini ya mikungu hapa Dar es Salaam, na sina shaka tena na jambo moja: boljointi iliyogoma humtii anayejua ni nini kinachoishika, hata kama mkono wake ni mwembamba.

Wengi watakwambia ni kutu. Kutu ni mpambe tu. Boljointi imejengwa kama nyonga ya mtu: tufe la chuma limekaa ndani ya kikombe chenye grisi, likafunikwa mpira usiopitisha vumbi wala maji. Kwenye tufe hilo limeota shina, nalo halikunyooka kama msumari. Linachongoka kidogo mfano wa pia. Tundu linalolipokea limechongwa vivyo hivyo. Nati ikikazwa, pia inavutwa tunduni mpaka chuma kinabana chuma pande zote, na kwa kuwa mchongoko wenyewe ni mdogo, msuguano peke yake unalishika shina hata nati ikitolewa. Halikukwama kwa bahati mbaya. Limeundwa likamate, ili usiku wa mvua, kwenye mashimo, gurudumu lisikuage. Kutu huja baadaye kuongeza ukaidi, na kwetu ina mlango mpana: magari mengi yametumika kwanza Japani, na yale ya kaskazini yamepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Yakishuka hapa, upepo wa bahari unaendeleza kazi.

Sasa msikilize fundi kabla ya kumtazama. Nyundo ndogo inayolia haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, ni dalili mbaya. Mjuzi huonekana kama mvivu. Kwanza anasugua uzi wa shina kwa brashi ya waya, analegeza nati, lakini haitoi; anaiacha imeshika nyuzi chache. Nati hiyo inalinda uzi, na shina likiachia ghafla, inalidaka. Kisha anatafuta kitu cha kuvuta: mtaimbo aliouchomeka juu ya amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu na mwili wa gari, msaidizi akiukandamiza. Baada ya hapo anachukua nyundo mbili nzito. Moja anaiegemeza upande mmoja wa jicho la kifundo, kile chuma kinene kinachobeba gurudumu, na kwa nyingine anapiga upande wa pili. Jicho linabonyea kufumba na kufumbua, duara linakuwa yai, mshiko unapotea, na shina linachomoka kwa kishindo. Nyundo ile ya nyuma ndiyo inayomtenga bwana na mwanafunzi. Bila hiyo, kifundo chote kinayumba na kumeza pigo, na mtu atapiga mpaka adhuhuri.

Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa Gerezani akimwambia kijana wake, kwa sauti ya chini kabisa, "Dogo, usiipige kichwani. Ipige ubavuni." Kijana akajibu, "Sawa, mzee," akashusha nyundo, akahama upande. Mapigo manne, ikatoka. Sijasikia somo fupi kuliko hilo lenye elimu nyingi hivyo. Kupiga kichwani ni kupiga ncha ya shina, na ncha hiyo huvimba kama uyoga. Hapo nati haitoki wala hairudi, na boljointi nzima imekuwa chuma chakavu. Ukiona kichwa kilichofumuka kwenye gari unalotaka kununua, ujue kuna mtu aliwahi kuhangaika humo.

Pula ni chombo cha kiungwana. Inaushika mwili wa kifundo, inasukuma shina kwa skrubu, na mpira wa vumbi unabaki mzima. Hata hivyo nayo ina mtihani wake: asiyejua huendelea kukaza mpaka skrubu ijipinde. Anayejua hukaza mpaka ibane sana, kisha anakigonga kifundo ubavuni mara moja. Mvuto na mshtuko vikikutana, kazi imekwisha. Na pale kifundo au amu ni ya aluminiamu, pula ndiyo njia pekee ninayoikubali. Aluminiamu haina uvumilivu wa nyundo.

Uma wa meno mawili, ule unaochomekwa kati ya amu na kifundo ukapigwa kama tindo, mimi siuhukumu ovyo. Kama boljointi imekufa na mpya iko mezani, uma ni halali. Unafanya haraka, na mpira unaochanika unakwenda jalalani. Kosa ni kuutumia kwenye boljointi itakayorudishwa. Mimi lilinipata. Nilipeleka Corolla yangu gereji moja kubadilishiwa sivijointi, ile jointi ya shafti, kazi inayolazimu boljointi itenganishwe tu, halafu irudi mahali pake. Waliichomekea uma, mpira ukachanika, hakuna aliyesema neno. Maji na mchanga vikaingia. Msimu wa mvua haujaisha, gari likaanza kugonga kila tuta. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza, kabla ya bei, ni hili: "Fundi, hii inarudi au inatupwa?" Anayejibu bila kusita ameshaifikiria kazi.

Moto wa gesi ni wa mwisho kabisa, na kwa boljointi inayorudi haufai hata kidogo: unaunguza mpira, unayeyusha grisi, na unaweza kuharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani.

Kuna magari yanayoligeuza fumbo hili, na hapo utamtambua aliyekariri na aliyeelewa. Kwenye Subaru Forester na Impreza nyingi, mchongoko uko chini, kwenye amu. Juu, boljointi ni silinda iliyozamishwa ndani ya kifundo, ikabanwa na bolti inayopita kwenye ufa. Ukigonga ubavuni kule juu hakuna cha kuachia, kwa sababu hakuna pia. Lazima bolti itoke nje kabisa, maana inapita kwenye mfuo wa silinda na kuizuia. Mafuta ya kutu yapewe muda. Kisha ufa upanuliwe kidogo kwa tindo, kidogo sana. Anayeizamisha tindo kwa nguvu analipasua sikio la kifundo, na kifundo si kipuri cha bei ya chai.

Tazama pia vitu ambavyo havihusiki na boljointi. Kalipa ya breki imening'inizwa kwa waya, au inaning'inia kwa paipu yake ya mpira kama mtu aliyenyongwa? Kifundo kikivutwa nje, kuna anayeangalia shafti isichomoke ndani? Na muhimu kuliko vyote, springi imebebwa na nini? Kwenye Toyota HiAce, na Hilux za zamani zenye fimbo ya msokoto badala ya springi ya koili, amu imebeba nguvu inayoweza kuvunja mfupa. Jeki lazima iwe chini ya amu ya chini kabla nati haijaguswa. Fundi anayetoa nati yote kwenye HiAce bila kuibeba amu, mwambie asimame. Usione haya.

Kurudisha kuna adabu yake, na wengi huikosa kwa uchovu. Ile pia ya shina na tundu lake vifutwe kwa kitambaa safi, vikae vikavu. Grisi hapo inaharibu mshiko ambao ndio kazi yake. Shina likizunguka pamoja na nati, mjuzi anasukuma kwa jeki kutoka chini ili pia ikae, kisha anaendelea kukaza. Nati yenye taji ikishakazwa vya kutosha na tundu la pini halijalingana, inaongezwa kidogo mbele. Kuilegeza nyuma ili pini ipite ni udanganyifu ambao barabara itaufichua. Pini iwe mpya, ncha zikunjwe. Akibadilisha na ncha ya taerodi, gari liende alaimenti siku ileile.

Nawe baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi, inama utazame ule mpira. Vumbi likiwa kavu na sawa kote, hakuna kilichovuja. Likiwa limegandamana na grisi kuwa tope jeusi kwenye mkunjo mmoja, mpira ulichanika siku ya kazi, na gari lirudi kwa aliyeuchana.