Mandarini Huanza na Malisho

Maji safi, chumvi sawasawa, joto nyuzi 25, na bado samaki akafa. Yamewakuta wafugaji wengi wa mandarini, samaki wa miamba ya matumbawe ya Pasifiki ya magharibi, asiyefika hata sentimita 10. Mwili wake umechorwa mistari ya buluu na ya chungwa, na buluu hiyo ni nadra ajabu. Wanyama wengi huonekana wa buluu kwa sababu ya namna ngozi au manyoya yao yanavyorudisha mwanga. Yeye ana seli zenye rangi ya buluu yenyewe.

Kinachomuua ni njaa. Mandarini hushinda juu ya mawe akidonoa kopepodi, viumbe wadogo mno wa jamii moja na uduvi na kaa. Hadonoi akashiba, hudonoa kutwa nzima, na chakula cha kopo humpita puani asikitazame. Katika tangi jipya kopepodi humalizika upesi. Mwenyewe humwona bado anadonoa, akaridhika, kumbe mawe ni matupu. Tumbo likishabonyea, kumwokoa ni kazi ngumu.

Waliofanikiwa walianza na malisho. Walipanga tangini mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe wadogo, wakatia kopepodi, wakasubiri miezi sita au zaidi. Chini ya tangi kubwa waliunganisha tangi dogo lisilo na samaki, wakalijaza mwani wa nyuzinyuzi. Humo kopepodi huzaliana bila kuliwa, na pampu huwapandisha juu kidogo kidogo. Taa ya tangi hilo huwashwa usiku, tangi kubwa likiwa gizani: mwani hunyonya kaboni dioksidi, na maji hayazidi uasidi kabla ya alfajiri. Mwani huohuo hula nitrati inayotokana na kinyesi cha samaki. Mpango huu naupenda sana, kwa kuwa chombo kimoja kinatatua mambo matatu.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni lita 280 kwa samaki mmoja. Kwangu, umri wa tangi una uzito kuliko ukubwa wake, na samaki mwingine mla kopepodi asiwekwe humo kabisa.

Tangu 2010 wapo pia mandarini waliozaliwa kwa wafugaji na kuuzwa madukani, baadhi wakiwa wamezoeshwa chakula cha punje. Hao ndio wa kutafuta kwanza.

Kabla ya kununua, zima taa, ngoja saa moja, kisha mulika kioo kwa tochi. Usipoona vidoa vyeupe vikikimbia huku na huko, mwache samaki dukani.