Nani Mtunzi, Nani Mnakili? Fundisho la Wimbo wa "Mbube"

Wako wanaodai kwamba sheria ya hakimiliki haina tabaka: anayetunga hulindwa, anayenakili huadhibiwa. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Yatupasa kuuliza pia: ni nani mwenye uwezo wa kuamua kazi ipi iitwe utunzi na ipi iitwe nakala?

Mwaka 1939, mjini Johannesburg, mfanyakazi Mzulu Solomon Linda na wenzake walirekodi wimbo wa "Mbube", yaani simba. Mwaka 1952 haki zake zilihamishwa kwa shilingi 10. Huko Marekani kundi la The Weavers liliutoa kwa jina la "Wimoweh", neno ambalo si lolote ila "uyimbube" lililosikiwa vibaya. Aliyeandikwa kuwa mtunzi ni "Paul Campbell", jina la bandia la waimbaji wenyewe. Mwaka 1961 The Tokens waliutolea maneno mapya ya Kiingereza, nao ukavuma dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Unyonyaji huo ulipitia mlango gani? Wimbo ulihesabiwa kuwa wa jadi, mali isiyo na mwenyewe. Hivyo kazi ya Linda ikageuzwa malighafi, kama katani inayosafirishwa ng'ambo, na aliyeisindika ndiye akaitwa mtunzi.

Hata hivyo, tusikubaliane na ndugu wanaosema kwamba hakimiliki ni ubepari mtupu, itupwe. Kumnyima mtunzi jasho lake si ujamaa. Mwaka 2004 warithi wa Linda waliishtaki kampuni ya Disney, iliyoutumia wimbo huo katika filamu ya mwaka 1994. Silaha yao ilikuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 yalifikiwa mapatano ya malipo, na Linda akatambuliwa. Sheria ya mkoloni iliwafaa wanyonge kwa sababu waliisoma na kuipigania. Lakini Linda mwenyewe alikuwa kaburini miaka 44.

Kwa hiyo, kada au mwanafunzi anayekusanya nyimbo vijijini asikimbilie kuandika "wimbo wa jadi". Ziko kazi ambazo kweli ni za jamii nzima, nazo zilindwe hivyo. Lakini kwanza aulize aliyetunga ni nani, aandike jina lake na mwaka. Asipoandika yeye, ataandika mfanyabiashara, na jina litakaloandikwa halitakuwa la mtunzi.