Juliette Hakuulizwa
Ukiwaomba wapenzi wa sinema za zamani wakutajie filamu ya mapenzi, hakosi mmoja wa kusema L'Atalante. Jean Vigo aliitoa Ufaransa mwaka wa 1934. Wasambazaji wakaikatakata na kuibandika jina la wimbo uliokuwa ukivuma, na Oktoba mwaka huo huo kifua kikuu kikamuua Vigo akiwa na miaka 29. Inauma. Labda ndiyo maana watu huiongelea kwa sauti ya matanga, na mengine wanayaruka.

Juliette, msichana wa kijijini, anaolewa na Jean, nahodha wa boti ya mizigo. Anatoka harusini na gauni lake hadi botini. Fungate ni hapo hapo, kati ya nguo chafu, paka kibao na mzee Jules, ambaye Michel Simon anamcheza hadi unasahau wengine wapo.

Mapenzi yapo, sibishi. Juliette anamwambia Jean kwamba ukifumbua macho majini utaona sura ya umpendaye. Baadaye, wakiwa wametengana, Jean anajitosa na kumwona akielea na lile gauni. Usiku, kila mmoja kitandani kwake, Vigo anatuonyesha huyu, kisha yule, wametapakaa madoadoa yale yale ya kivuli, wanajipapasa. Hawagusani hata kidogo, na sijaona kitanda chenye joto hivyo kwenye sinema.

Sasa, mbona walitengana? Juliette alitaka kuona Paris, basi. Jean ana wivu wa kuvunja vyombo, kihalisi: alimkuta chumbani kwa Jules akapasua sahani. Juliette aliposhuka kisirisiri kutembea mjini, Jean aliondoa boti. Mke akarudi, hakuna boti. Mkoba ukaibiwa, akaanza kutafuta kazi katika mji uliojaa wasio na kazi. Angekuwa rafiki yako ungemwambia nini? Dada, hama.

Lakini Jules anamkuta kwenye duka la muziki, anamtupa begani kama gunia na kumrudisha. Jean haombi msamaha. Wanakumbatiana, wanaanguka sakafuni, na mimi nalia kila mara, nikijichukia kidogo. Halafu kamera inapaa, boti inapasua maji. Ningependa kujua siku atakayotaka kushuka tena kuangalia maduka itakuwaje.