Ute Unaofunga Mawe

Saruji inayopakiwa kwenye mikokoteni ya Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, Dar es Salaam, nyingine hutoka Wazo, ambako kiwanda cha Twiga kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mwamba unaosagwa kule ni matumbawe ya kale yaliyowahi kuwa chini ya bahari. Sifa zote tunalipa tumbawe, nalo linastahili. Ila tumbawe likiachwa peke yake, mawimbi hulivunjavunja likabaki kifusi. Katika wanaokifunga kifusi hicho kikawa mwamba, yumo fundi asiyeonekana kwa macho.

Maji yakipwa, gusa jiwe la pwani. Ule utelezi ni utando wa bakteria waliojifunika kwa ute wao wenyewe. Mchana, sainobakteria waliomo hufyonza hewa ya ukaa majini ili wajitengenezee chakula. Maji yanayowagusa yakapungua tindikali, kaboneti ikapata nafasi ya kushikamana na kalsiamu. Bahari ya joto kama yetu huwa imebeba madini hayo kupita kiasi, na mengine huganda yenyewe bila msaada wa kiumbe. Utando kazi yake ni kuchagua pa kugandia, na lini.

Hilo la lini ndilo linalonivutia zaidi. Ute mbichi ni mchoyo: huing'ang'ania kalsiamu isigande. Mpaka bakteria wengine wautafune, ndipo kalsiamu inapoachiwa na punje za chokaa kuanza kuota palepale, juu ya mabaki ya ute. Punje juu ya punje, matundu kati ya mchanga na vipande vya tumbawe huzibika.

Watu nao wamefunga mawe kwa chokaa. Waashi waliojenga Boma la Kale, Sokoine Drive, mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, walipanga mawe ya matumbawe na kuyaunga kwa chokaa. Chokaa ya pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, hewa ya ukaa ikatoka, kisha ikazimwa kwa maji. Ikishapakwa ukutani huvuta tena ukaa kutoka hewani, taratibu, ikarudi kuwa jiwe. Fundi anayeujua ukuta wa namna hiyo haukarabati kwa saruji: saruji hubana mno, unyevu hukosa pa kutokea, na plasta ikija kubanduka huondoka na uso wa jiwe.