Mizani ya Adui Asiyekumbuka

Apitaye mtaa wa Shella, Malindi, baada ya sala ya alasiri, yamkini atawakuta wazee wamelizunguka bao barazani, na hatua chache kando, kijana ameinamia kompyuta akipigana na majeshi ya mazimwi na wachawi. Aweza kudhani kwamba watu hawa hawana shughuli moja. La! Wote wanalitafuta jibu la swali moja: mwenzangu atapiga wapi?

Mchezo ninaokusudia kuupima ni The Battle for Wesnoth, ulioanzwa na David White mwaka 2003. Nauchagua kwa kuwa programu yake i wazi, na atakaye aweza kusoma jinsi adui aamuavyo. Adui huyo hana hasira wala kisasi. Huyapa alama mashambulio yawezekanayo, akatenda lenye alama kubwa, kisha akahesabu upya. Kiini cha alama ni thamani ya askari wako na uwezekano wa kumwua, ikiondolewa hasara yake mwenyewe. Lakini hasara hiyo haiingii yote mizanini. Kwa desturi ya mchezo hupunguzwa kwa 0.4. Basi askari wake wa dhahabu 20 huwa wa 12 tu, na kumtoa apate wako wa bei ile ile huona ni faida. Huo ndio ushujaa wake wote!

Katika uchawi hufanya vivyo hivyo. Mchawi wa daraja la kwanza ana fimbo, pigo 1 la nguvu 5, na moto, mapigo 3 ya nguvu 7. Na kila pigo la moto lina bahati ya 70% ya kupata, hata kwa aliyejificha msituni. Kompyuta hupima silaha zote mbili, na majibu ya apigwaye pia: mwenye upinde humjibu mchawi, mwenye upanga tu hupigwa kimya. Hapo nakiri kwamba huchagua vyema kuliko wengi wetu.

Kasoro yake ni chambo. Mweke mbele majeruhi mmoja, na aghalabu wachawi wataacha ngome wamwandame, wakabaki uwanjani zamu yako ikifika. Ipo hesabu ya hadhari, lakini ni nyepesi.

Wacheza bao nao hutegana. Katika kete 64 za bao, sheria ni kali: awezaye kula hana budi kula. Bingwa huzitoa kete chache zake ziliwe, apate njia ya kuifikia nyumba ya mwenzake. Lakini aliyetegwa hushurutishwa na sheria, naye ajua. Hununa, na kesho huiziba njia ile. Kompyuta hushurutishwa na hesabu yake yenyewe, na kesho hurudi pale pale.

Wapo wasemao dawa ni kuongeza nguvu ya kuhesabu. Mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov katika sataranji kwa kupima hali zipatazo milioni 200 kila sekunde. Sikatai. Lakini sioni kwamba wingi wa hesabu ni sawa na kumkumbuka mtu.

Nilimwona kijana mmoja, hodari wa michezo hii, akiketi barazani na kutega chambo chake cha kawaida. Mzee alikuwa na njia mbili za kula. Alimtazama kijana usoni, si kete, kisha akala kwa njia ya pili.