Umio Ukishaondolewa: Mshono, Wodi na Safari ya Kurudi Palma

Saratani ya umio ina ukanda wake Afrika. Unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji, na kufika Eastern Cape ya Afrika Kusini. Pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, imo ndani yake. Mgonjwa huanza kukwamwa na ugali wa muhogo, akahamia kwenye uji, na mara nyingi hufika hospitali wakati hata mate hayashuki. Kwa wachache wanaowahi, kuna upasuaji wa kuuondoa umio.

Upasuaji huo husimuliwa sana kwa ustadi wa kisu. Mimi nauchambua kwa yale yanayofuata mgonjwa akisharudishwa wodini, kwa sababu huko ndiko anakoponea au anakofia. Kila hatua anayoichukua daktari mezani ni uamuzi kuhusu tatizo atakalokubali kulikabili baadaye, na uamuzi unaofaa Amsterdam si lazima umfae mtu ambaye kwao ni Palma, kwenye pwani hiyo ya Cabo Delgado.

Umio ukitolewa, nafasi yake inachukuliwa na mfuko wa tumbo. Daktari huufungua kutoka kwenye mishipa mingi inayoulisha, akabakiza mmoja mkubwa unaopita ukingoni upande wa kulia. Huukata kwa urefu na kuushona uwe bomba jembamba, kisha huuvuta hadi kifuani au shingoni na kuuunga na kipande cha umio kilichobaki. Ncha ya bomba inayofika juu kabisa ndiyo iliyo mbali zaidi na damu. Kabla ya kushona, daktari huitazama rangi. Ikiwa ya waridi, na ukingo uliokatwa unachuruzika damu nyekundu, anaendelea. Ikiwa ya kijivu au zambarau, anaikata na kushuka hadi penye uhai. Umio nao hauna ule utando wa nje unaoufunika utumbo na kuushika uzi vizuri. Mshono basi unaunga ncha yenye damu haba na nyama laini inayochanika upesi, na ndiyo maana huvuja.

Mwaka 1913 Franz Torek wa New York aliukwepa mshono huo kabisa. Alimwondolea mama mmoja umio, akamwachia tundu shingoni na jingine tumboni, yakaunganishwa kwa mpira uliopita nje ya mwili. Mama yule aliishi zaidi ya miaka 10 akila kupitia mpira huo. Waliomfuata walitaka kuunga ndani. Ivor Lewis, mwaka 1946, alifungua tumbo na kisha upande wa kulia wa kifua, akaunga humo kifuani. Mark Orringer wa Michigan, mwaka 1978, alihuisha njia ya kuutoa umio kwa kupitia tumboni na shingoni, kifua kisifunguliwe, na mshono akauweka shingoni.

Tofauti ya njia hizi mbili za mwisho ndiyo kiini cha mambo. Mshono wa kifuani ukivuja, mate na vijidudu humwagika kando ya moyo na mapafu, mahali pasipoonekana kwa macho. Dalili za mwanzo ni ndogo mno: siku ya nne au ya tano mapigo ya moyo yanapanda hadi 120 bila homa, pumzi inakuwa fupi, na mtu aliyekuwa akizungumza jana anahangaika au amenyamaza. Anayeyaona haya kwanza ni muuguzi wa zamu ya usiku. Kama mapigo hayakuandikwa, au yaliandikwa na hakuna aliyeitwa, kufikia asubuhi mgonjwa anaweza kuwa mahututi. Mshono wa shingoni ukivuja, kidonda huwa chekundu, kinavimba, kinatoa mate. Daktari anafungua nyuzi chache pale pale kitandani, uchafu unatoka, na mara nyingi tundu hufunga lenyewe huku mgonjwa akilishwa kwa mpira uliowekwa kwenye utumbo mdogo siku ile ile ya upasuaji.

Takwimu zinaonekana kusema kinyume. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021 uliwagawa wagonjwa kwa kura: mvujo uliohitaji kuingiliwa na daktari uliwapata asilimia 12.3 ya walioungwa kifuani na asilimia 31.7 ya walioungwa shingoni. Na mvujo wa shingoni si mwepesi kila mara, kwani unaweza kushukia kifuani. Hata hivyo nasimama na shingo kwa hospitali nyingi za ukanda wetu. Waholanzi wana CT scan usiku wa manane, kamera ya kuingizwa kooni, na kitanda cha wagonjwa mahututi kinachosubiri. Pasipokuwa na hivyo, afadhali mvujo ulio mwingi zaidi lakini unaoonekana.

Mapafu nayo yanadai uamuzi wake. Kufungua kifua kunauma, na anayeumia hakohoi, na asiyekohoa anajaza makohozi hadi nimonia. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2002, ulipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 57 ya waliofunguliwa kifua, dhidi ya asilimia 27 ya wasiofunguliwa. Upasuaji wa matundu madogo umepunguza hatari hiyo sana, lakini unadai vifaa na mazoezi ya miaka. Kumwondolea mgonjwa maumivu vizuri, kumkalisha siku ya kwanza, kumtembeza siku ya pili na kumhimiza apumue kwa nguvu havidai mitambo hiyo, na naviweka sawa na ufundi wa mshono.

Kuna pia jambo ambalo huonekana kwa jicho tu. Mfereji mwembamba unaobeba mafuta ya chakula kutoka tumboni hupita kifuani nyuma ya umio, na wakati wa upasuaji unaweza kupasuka. Siku za kwanza mpira wa kifuani hutoa maji ya rangi ya njano, hakuna anayeshtuka. Siku mgonjwa anapoanza kupewa maziwa kwa mpira wa kulishia, chupa iliyo chini ya kitanda inageuka nyeupe. Hapo mafuta huondolewa kwenye chakula, na ikiwa yanayotoka ni mengi, daktari hurudi kuufunga mfereji.

Hata mabingwa hawayaepuki haya. Hospitali 24 kubwa za nchi 14 zilipokusanya kumbukumbu za wagonjwa 2,704, asilimia 59 walikuwa wamepata tatizo moja au zaidi. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 2.4. Mwaka 1980 mapitio ya tafiti za wakati huo yalikuta vifo vya asilimia 29. Mishono bado inavuja, na mapafu bado yanajaa. Sehemu kubwa ya maendeleo, naamini, imetokana na kuliwahi tatizo.

Na kuliwahi kunadai ukaribu. Kutoka Palma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Kwa umbali, Dar es Salaam ni karibu zaidi: unavuka mto Ruvuma, unapita Mtwara. Tangu shambulio la waasi katika mji jirani wa Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na lile la Palma la Machi 2021, safari yoyote hapa inategemea usalama wa siku hiyo. Kwa hali hiyo, wagonjwa wengi watafaidika zaidi na bomba la waya linalojipanua ndani ya umio, lisilohitaji kufungua mwili. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, imewawekea mamia ya wagonjwa mabomba hayo, wakarudi kumeza. Bomba haliponyi, ila kwa aliyechelewa ni tiba ya heshima, na daktari anayelichagua badala ya kisu hajashindwa kazi.

Kwa anayepasuliwa akarudi nyumbani, matatizo hayajaisha. Kovu la mshono hubana wiki kadhaa baadaye, na asipopanuliwa njia atakaa na njaa sahani ikiwa mbele yake. Nyongo na chakula hupanda kwa sababu kizuizi cha chini ya umio kimeondoka. Akilala bapa juu ya mkeka, vinamwingia mapafuni, kwa hiyo kichwa na kifua viinuliwe kila usiku, maisha yake yote. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku. Ramadhani ikifika, azungumze na daktari wake kabla ya kunuia kufunga.

Atakayempokea akizidiwa huenda asiwe bingwa. Tangu mwaka 1984 Msumbiji imefundisha mafundi wa upasuaji, watu wenye mikono mizuri wanaobeba hospitali za wilaya. Fundi wa Mueda, huko huko Cabo Delgado, anaweza kupokea mgonjwa aliyepasuliwa Dar es Salaam, mwenye karatasi za Kiingereza, ilhali yeye anafanya kazi kwa Kireno. Ningependa kila mgonjwa atoke wodini na mchoro: bomba la tumbo limepita wapi, mshono uko shingoni au kifuani, mpira wa kulishia umeingia wapi, na tahadhari kwamba mpira wa puani usisukumwe kwa nguvu kwa sababu unaweza kuutoboa mshono. Mchoro huo unachorwa kwa dakika chache kabla ya ruhusa, na nakala moja abaki nayo ndugu anayemuuguza.