"Hajaolewa": Wakati wa Futuhi, Wakati wa Tanzia na Wanawake Wasio na Waume katika Masimulizi ya Ukanda wa Ziwa

Sarufi ya Kiswahili haina namna nyepesi ya kusema kwamba mwanamke hana mume bila kudokeza kwamba mume huyo yuko njiani. Ukanushi wa "ameolewa" ni "hajaolewa", na kiambishi -ja- hakikanushi tu, bali huacha mlango wazi: asemaye kuwa mvua haijanyesha bado anaitazamia. "Hakuolewa" hufunga hesabu, na mara nyingi husemwa juu ya mtu aliyekwisha kufa au kuzeeka. "Haolewi" ina harufu ya laana au ya ukaidi. Ni kweli kwamba mwanamume naye "hajaoa", kwa hiyo -ja- yenyewe haina ubaguzi. Kinachobagua ni kauli ya kitenzi, kwa kuwa mmoja hutenda na mwingine hutendwa, na mtendwa hana la kufanya ila kungoja. Jambo hili dogo la mofolojia lina uzito kwa mhakiki wa fasihi, kwa sababu upo utanzu wa televisheni ambao umejengwa wote juu ya -ja-, nao ni futuhi ya mfululizo inayosimulia urafiki na mapenzi ya wanawake wasio na waume.

Mfano unaojulikana zaidi ni Sex and the City, iliyorushwa na HBO kuanzia Juni 1998 hadi Februari 2004 kwa vipindi 94. Kabla yake ilikuwapo Living Single (1993–1998), iliyohusu Wamarekani Weusi wa Brooklyn. Baada yake ikaja An African City ya Accra mwaka 2014, na mwaka 2022 Nairobi ikapata Single Kiasi, iliyoongozwa na Grace Kahaki na Philippe Bresson kwa ajili ya Showmax kutokana na tamthilia ya Afrika Kusini iitwayo Unmarried. Msuko wa utanzu huu si mgumu. Mwanamke anakutana na mwanamume, mambo yanaharibika, anarudi kwa rafiki zake kusimulia, nao wanacheka. Kipindi kijacho hivyo hivyo, labda kwa zamu ya mwingine. Wanaume huja na kupita, lakini wasikilizaji ni walewale. Ndiyo maana wahusika hawa hupata kukosea mara nyingi bila kuangamia. Kila kosa lina mahali pa kusemewa, na likishasemwa mezani linapungua ukali.

Ukanda wa Ziwa Viktoria una msichana wake maarufu asiye na mume, ila yeye hakupewa meza hiyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaingia katika mtaala na kuzoeleka kiasi kwamba leo ni vigumu kuisoma kana kwamba haijawahi kufundishwa. Rosa anatoka Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe, anavuka maji kwenda shule ya Rosary mjini Mwanza, kisha anakwenda Chuo cha Ualimu Morogoro. Babake, Zakaria, amempiga kwa sababu ya barua ya Charles. Mwishoni Charles yuleyule, akiwa mchumba, anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua.

Uhakiki wa riwaya hii, hasa ule wa darasani, umejikita katika malezi: Zakaria alimfungia binti ndani mno, naye alipofunguliwa akapotea. Maelezo hayo ni sahihi, na riwaya yenyewe inayaunga mkono waziwazi. Hata hivyo yanaacha swali jingine ambalo kufikiria futuhi ya televisheni kunalileta mbele: Rosa anamsimulia nani? Babake anasikia habari zake kama mashtaka. Mamake, Regina, ana maumivu yake na mume mlevi, na hana nafasi ya kuwa msikilizaji. Wasichana wenzake wapo shuleni na chuoni, lakini hakuna hata mmoja anayefuatana naye kutoka Mwanza hadi Morogoro hadi kurudi nyumbani, akijua yaliyotangulia na kumkumbusha. Kila hatua Rosa anaianza upya mbele ya watu wasiomjua. Maneno mengi kuhusu maisha yake husemwa na msimulizi, na mahali anapopewa kujieleza kwa ukamilifu ni baada ya kifo, mbele ya hakimu wa mbinguni, akishtakiana na babake. Hiyo ni hadhira, lakini ni hadhira ya hukumu.

Kwa maneno mengine, tanzia ya Rosa haitokani na mapenzi yake peke yake, bali na mapenzi yasiyo na mahali pa kusimuliwa. Wahusika wa futuhi ya New York wana wapenzi wengi zaidi ya Rosa, wanadanganywa vilevile, wanakataliwa vilevile, na mmoja wao, Charlotte, anaingia ndoani akiwa na ndoto za bibi arusi zisizo mbali sana na zile za msichana wa Ukerewe. Ndoa hiyo inavunjika. Jambo linalomwokoa si uhuru wa Marekani, kama msomaji wa haraka anavyoweza kudhani, kwa sababu uhuru huo haumzuii kulia. Anaokolewa na watu watatu waliokuwapo alipoanza kuota na ambao wapo bado ndoto ilipokwisha. Mtu anaweza kujibu kwamba riwaya ya mwaka 1971 haikulazimika kuandika hivyo, na ni kweli. Lakini ukimya juu ya urafiki wa wanawake si wa riwaya hii tu.

Filamu ya hali halisi iliyolitangaza Ziwa duniani kuliko maandishi yoyote, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004), inahusu sangara, viwanda vya minofu na ndege zinazotua Mwanza. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006 kwa sura aliyoona inaichafua nchi, na mjadala ukabaki kwenye samaki na silaha. Wanawake wasio na waume walipita katika mjadala huo kama ushahidi. Wapo katika filamu wakiwa wenza wa marubani. Mmoja, kijana aliyetamani kusomea kompyuta, anauawa na mteja kabla filamu haijaisha. Yanayohusu yeye na marubani yanaonekana vizuri. Yanayohusu yeye na wanawake wenzake, yaani nani alimkopesha, nani alimkanya, walichekea nini mchana marubani wakiwa angani, yanaonekana kidogo mno. Kwa hiyo kazi mbili zilizotengana kwa zaidi ya miaka thelathini, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni, zinamweka mwanamke wa Mwanza asiye na mume katika nafasi ileile: peke yake, katikati ya wanaume, akielekea kifo.

Vichekesho vya Tanzania vingetarajiwa kurekebisha hali hiyo, na havikufanya hivyo. Inafaa kukumbuka kwamba Mwanza si pembezoni kwa televisheni. Star TV ina makao yake huko na hurusha matangazo nchi nzima, na ilikuwa na kipindi kilichojiita kwa istilahi yenyewe ya wahakiki, Futuhi. Lakini vichekesho vilivyoenea nchini tangu Ze Comedy na Orijino Komedi vilizoea mwanamume aliyevaa gauni. Joti alipendwa sana kwa sura hizo, na kwa haki, kwa maana ni mwigizaji hodari. Tatizo si gauni. Tatizo ni kwamba mwanamke anayeigizwa na mwanamume kwa ajili ya kuchekwa hawezi kuwa na rafiki: umbea wake, wivu wake na sauti yake nyembamba ndiyo mizaha yenyewe, na ukimwongezea mwenzake wa kumwelewa mzaha unakufa.

Single Kiasi inastahili kusomwa kama jibu la ukimya huo, ingawa imetoka Nairobi. Majina matatu, Sintamei, Mariah na Rebecca, yanatosha kuonyesha kwamba urafiki wao haukujengwa juu ya asili moja. Kwa mhakiki wa lugha, hata hivyo, jina la tamthilia ndilo lenye utajiri zaidi. Kwa nini "single"? Kwa sababu Kiswahili kinatoa maneno yasiyokaa vizuri. "Mseja" katika kamusi hana jinsia, lakini masikioni ni mwanamume, na katika Kanisa Katoliki useja ni nadhiri. Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi kandokando ya ziwa, alilijua neno hilo kwa maana hiyo. "Kapera" ni mwanamume. "Mjane" amefiwa. "Mwari" bado yuko chini ya uangalizi wa wakubwa. Tamthilia ikakopa, kisha ikatia neno la Kiswahili ambalo ndilo lenye ucheshi: "kiasi". Mtu hawezi kuwa bila mume kwa kiasi, kama vile hawezi kuwa maiti kwa kiasi, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa. "Kiasi" inafanya kazi ileile ya -ja-, ila inaondoa kungoja na kuweka kubembea. Mhusika hayuko njiani kwenda ndoani. Yuko hapo alipo, kwa kadiri anavyotaka yeye.

Ukanda wa Ziwa, hata hivyo, una neno ambalo Nairobi haikulitumia. Katika Kisukuma nsimbe, wingi basimbe, ni mwanamke aliyewahi kuolewa na sasa anaishi bila mume. Neno limeingia katika Kiswahili cha mitaani kama "msimbe", likipanuka hadi kumhusu mwanamke yeyote asiye na mume, hasa mwenye watoto, sambamba na "singo maza". Mara nyingi husemwa kwa dharau. Lakini umbo lake lina jambo ambalo "hajaolewa" haina: ni nomino. Halisemi kilichokosekana, halina -ja-, halina kauli ya kutendwa, na lina wingi. Msimbe hangoji, ni mtu wa aina fulani, na wako wengi wa aina yake. Mwandishi atakayetunga futuhi ya wanawake wa Mwanza ana neno hilo tayari, pamoja na dharau yake, nayo dharau ni mtaji mzuri kwa mcheshi.

Meza nayo ipo. Katika Sex and the City kuna kipindi cha msimu wa nne, kilichorushwa mwaka 2002, ambamo Carrie, baada ya uchumba kuvunjika, anatakiwa kuinunua nyumba anayoishi na hana akiba. Miranda anampigia hesabu: fedha zimekwenda kwenye viatu, dola 40,000. Miranda na Samantha wanajitolea kumkopesha, Charlotte ananyamaza. Carrie anakwenda kumkabili, wanagombana, na mwishowe Charlotte anampa pete ya uchumba wa ndoa yake iliyovunjika iwe malipo ya kuanzia, kwa mkopo. Hicho ni kipindi bora kuliko vingi vya mfululizo huo, kwa sababu ni mahali adimu ambapo urafiki unapimwa kwa fedha. Miaka minne ya milo ya pamoja haikuwahi kuweka utaratibu wa kuombana, na fedha zilipohitajika lilibaki jambo la aibu.

Wanawake wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba, au wanaouza vitenge na chakula mjini, wasingeshangazwa na hitaji la Carrie, ila na ukosefu wa utaratibu. Upatu, ambao wengi huuita mchezo tu, ni urafiki uliokwisha kuweka fedha mezani. Wanachama wanakutana kwa siku maalumu, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu inazunguka. Huo ni muundo wa tamthilia ya mfululizo kabla ya televisheni. Kila mkutano una mhusika wake mkuu. Wengine wanajua kwa nini anazitaka fedha, au wanajidai hawajui. Na yanayosemwa juu ya wanaume yanasemwa pembeni ya jambo jingine, kama yanavyosemwa katika maisha. Una pia mgogoro ambao mlo wa New York haukuwa nao: mwanachama aliyepokea mapema akaacha kulipa kwa sababu mwanamume amezichukua. Hapo penzi la mmoja linakuwa hasara ya wote, na wote wana haki ya kuuliza.

Linabaki suala la namna wanawake hao watakavyoitana. Pwani neno lingekuwa "shoga", lililobeba urafiki wa wanawake katika taarabu na katika maisha ya nyumbani kwa vizazi. Bara neno hilo limehamia kwa kiasi kikubwa katika maana nyingine, ya mwanamume anayependa wanaume, na mhusika wa Kirumba akilitamka sehemu ya hadhira itacheka pasipotakiwa. "Shosti" na "besti" zimejaza pengo, lakini ni maneno ya ujana na hayavumilii umri. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano hamwiti shosti mwenzake aliyemzika mama yake pamoja naye. Wanawake wa umri huo mjini Mwanza huitana kwa majina ya watoto, mama fulani, hata pale baba wa mtoto huyo hajulikani alipo. Mtafsiri wa tamthilia za kigeni angeliona hilo kuwa kikwazo, kwa sababu uzazi unaingia katika kila salamu. Mtunzi angeweza kuliona vingine: wanawake wasiotambulishwa kwa mume yeyote, walioketi wakihesabu noti, na katikati yao mmoja asiye na mtoto wala mume, ambaye wenzake hawana budi kumwita kwa jina lake mwenyewe.